Barua Yenye Dole Gumba

Mke wangu husema kwamba hata chai ya nyumbani kwangu mwenyewe nainusa kwanza ndipo ninywe. Hakosei. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, na nilipopunguzwa kazini nilitoka na kiinua mgongo tu. Hicho kikipotea, tungerudi kwa baba mkwe na magodoro kichwani. Niliogopa aibu hiyo kuliko njaa.

Nyumba tuliyoitaka ilikuwa Chang'ombe, hapa Dodoma, vyumba vitatu na kimoja cha uani. Mwenyewe alikuwa bibi mjane, ambaye alikuwa amehamia Mvumi kwa binti yake ili atibiwe macho. Hakujua kusoma. Mkataba niliuandika mimi, nikamsomea mimi, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, naye akaweka dole gumba. Tulikubaliana kwamba hundi yangu ya kiinua mgongo ikiiva benki, fedha niziingize kwenye kitabu chake cha akiba pale mjini.

Kabla hundi haijaiva ikaja barua. Ilipigwa taipu vizuri, na hapo hapo nikaanza kuitilia shaka. Ilisema bibi amebadili mawazo, fedha zitumwe kwa simu ya benki kwenda akaunti ya Dar es Salaam, tena kabla ya Ijumaa, la sivyo kuna mnunuzi mwingine. Akaunti yenyewe ilikuwa ya mpwa wake, kijana niliyemwona mara moja tu, mwenye viatu vinavyong'aa katika vumbi letu la Dodoma. Chini ya barua palikuwa na dole gumba la bibi.

Mke wangu aliona dole gumba linatosha, kwa kuwa saini huigwa lakini kidole hakiigwi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na nyumba nzuri hazitusubiri sisi. Alhamisi, hundi ilipoiva, nilikwenda benki, nikapewa fomu, nikaijaza hadi kwenye jina la mpokeaji, kisha nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza karani, ikiwa barua hii ni ya uongo, fedha zitarudi?

"Mzee, sisi tunatuma unakotuelekeza," alisema. "Zikishaondoka, zimeondoka."

Nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni. Kesho yake asubuhi nilikuwa Mvumi.

Bibi alikuwa barazani, jicho moja limefungwa bandeji, anapapasa karanga kwenye ungo na kutoa mbovu kwa vidole. Nilimpa shikamoo. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, nami nikajibu zote. Mwishowe nikamuuliza kama ametuma barua. Akasema hajatuma. Ila mpwa wake alikuja na karatasi, akamwambia ni ya matibabu ya macho, akamshika mkono na kumwonyesha pa kuweka kidole.

Basi dole gumba lilikuwa lake kweli. Nikamweleza karatasi ile ilisema nini. Nakiri nilieleza kwa majivuno, kwa sababu shaka zangu zilikuwa zimetuokoa sote wawili, nami nilingoja shukrani.

Bibi aliweka ungo chini.

"Na ile uliyonisomea wewe kwa mjumbe," akasema, "nayo ilisema nini?"

Nilimjibu ilisema kama nilivyosoma.

"Na mpwa wangu naye alisema hivyo hivyo, mwanangu."

Akamtuma binti yake kumwita mwalimu mstaafu, jirani yao, aje kumsomea. Mkataba nilikuwa nao, nikautoa. Nikaombwa nisubiri nje, uani, kwenye jua pamoja na mbuzi. Nilikasirika. Mimi, niliyepanda lori la magunia kuja kumwokoa, nitolewe nje kama mwizi? Kisha nikakumbuka. Siku ile mjumbe alikuwa na haraka ya kwenda msibani, na aya ya mwisho niliiruka. Niliihesabu kuwa kitu kidogo. Ilisema kwamba vyombo vyovyote vitakavyokutwa ndani baada ya mwezi mmoja vitakuwa mali ya mnunuzi, na chumba cha uani kilijaa vitu vya marehemu mume wake.

Waliponiita ndani, bibi hakunitazama.

"Hiyo ya vyombo hukunisomea."

Nikasema nilisahau.

"Na mpwa wangu nikimuuliza," akasema, "atasema alisahau."

Tulipatana kwamba Jumatatu atakuja mjini na mwalimu, na fedha ziingie kwenye kitabu chake mbele ya macho ya mwalimu. Nikachukua kalamu, nikaikata aya ile kwa mistari miwili. Bibi akamgeukia mwalimu, akamuuliza kama kweli nimekata hiyo hiyo.