Moto wa Siku Nne Matrah

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1965, Matroni hakuniuliza hata jina. Alinionesha sufuria akasema, "Sindano zichemke mpaka nikwambie basi." Wakati huo sindano zilikuwa za kioo, zikitumika, zikioshwa, zikichemshwa na kutumika tena. Nyinyi mnaozitupa hamjui tulivyoungua vidole. Nilikuwa nimetoka Unguja na kanga mbili na cheti cha uuguzi, na hospitali ile ya Matrah, jirani na Maskati kule Omani, ndiyo iliyokuwa riziki yangu yote.

Baada ya sindano nikapelekwa kwa wagonjwa wa macho, kisha Daktari Mkuu akanihamishia wodi ya watoto. Huko nilimkuta muuguzi mwenzangu, Sista Rozi. Tulimdhania Mzungu wa namna nyingine, mpaka aliponieleza kuwa ni Mwojibwe, watu wa maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini, waliokuwako kabla Wazungu hawajafika. Kiswahili alikiokota kwangu, na akikivunja bila ya haya.

Mimi na ngano ni chanda na pete, nikamwomba za kwao. Akakataa. Ngano zao husimuliwa theluji ikiwa imelala chini tu. "Hapa Maskati ntangoja sana," akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kuwa serikali ya Wazungu ilimchukua kwa mama yake angali mdogo, akatiwa skuli ya bweni, akakatwa nywele, na kila aliposema lugha yake akasuguliwa sabuni kinywani.

"Baridi zote za theluji n'zokuwa huko skuli," akanambia, "bibi yangu alihadithia peke yake."

Mimi niliyeiacha Unguja nilimwelewa upesi.

Nikaolewa, na mwaka 1968 nikamzaa Thuraya. Hakutimiza mwaka akashikwa na kuharisha, akalazwa wodini kwangu mwenyewe. Dawa ilikuwa dripu, yaani maji ya chumvi yanayoingia mshipani polepole. Mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji hauonekani, na mimi niliyewatafutia watoto wa wenzangu, wa mwanangu ulinishinda. Akaupata Sista Rozi. Kisha akashona viatu vidogo vya ngozi ya mbuzi, akavitoboa nyayo.

Mama mkwe wangu alighadhibika. "Mtoto mgonjwa unamvisha viatu vibovu? Kwani hana wazee?"

"Kwetu, Bibi, wafu wakimwita mtoto," Sista akajibu, "naye awambie: siwezi kuja, njia ndefu, viatu vyangu vimetoboka."

Mama mkwe akavichukua, akamvisha mwenyewe.

Thuraya alifariki siku ya pili yake. Daktari Mkuu alisema, "Tumefanya tulivyoweza." Nyumbani wanawake wakanambia nisilie, mtoto ni ndege wa peponi, nimshukuru Mola. Niliyaamini hayo, na bado nayaamini, lakini sikupata pa kulia. Siku ya tatu tanga likaondoshwa kama ilivyo desturi, watu wakaenda zao. Asubuhi yake nikarudi kazini, kwa sababu nyumba ilinishinda.

Uani mwa hospitali nilikuta moto mdogo wa kuni, na Sista Rozi ameketi kando yake, macho mekundu. Akanieleza kuwa kwao aliyekufa hutembea siku nne kwenda maghribi, na jamaa humwashia moto wa kumwangazia njia.

"Tangu juzi Matroni ananambia nizime," akasema. "Nikamwambia: huyu mdogo, hatembei upesi. Leo anafika."

Matroni alikuwa amesimama mlangoni. Akarudi ndani, moto akauacha uwake.

Mimi Mwislamu, sikutia sadaka motoni kama wafanyavyo kwao. Nilikaa chini, na hapo ndipo nilipolia, mpaka kuni zikawa jivu.

Sista Rozi aliondoka 1970, mkataba wake ulipokwisha. Mimi nilipanda ngazi mpaka nikawa Matroni mwenyewe, kisha nikastaafu. Wauguzi vijana huja kuniuliza wamwambie nini mama aliyefiwa. Nawajibu wakae naye, maneno hayana haraka. Tangu siku zile nimezika wazazi, mume na ndugu, na kila mara nikikimbilia kurudi wodini. Thuraya peke yake ndiye niliyemsindikiza mpaka akafika.