Kile Nilichoongeza kwenye Ushuhuda

Kila likizo ya Agosti vijana wa kanisa letu hapa Chechelesi hukusanywa kwa semina ya siku tatu. Siku ya pili mchana, wakishashiba, nilikuwa naitwa mbele nijitukane. Wao hawaiti hivyo. Wao huita ushuhuda.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, nikiongoza kwaya ya vijana. Nilitengwa miezi sita, benchi la nyuma, bila meza ya Bwana, kisha nikapiga magoti mbele ya watu wote nikarudishwa. Yule aliyenipa mimba hakuulizwa kitu. Alihamia kwa mjomba wake Meru. Nilimaliza kidato cha nne nikinyonyesha. Kwa hivyo mchungaji wa vijana aliponiambia Mungu anataka kuyatumia maisha yangu kuwatia moyo wasichana, nilifurahi. Wacha niseme ukweli, nilifurahi sana. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu anihitaji ndani ya lile jengo.

Mwaka wa kwanza nilisimulia vile mambo yalivyokuwa, na wasichana wakapiga miayo. Mchungaji akanishauri niingie ndani zaidi, nionyeshe giza alimonitoa Bwana. Mwaka uliofuata nikaongeza kitu. Nilisema mtoto alipokuwa na siku nne nilisimama naye mlangoni mwa choo nikitaka kumtupa, na sauti ikanizuia. Haikuwa kweli. Huyo mtoto sikuwahi kutaka awe mahali pengine ila kifuani pangu. Lakini wasichana walilia, watatu wakaja mbele kuokoka, na mchungaji akanishika bega akasema, "Hiyo sasa imegusa." Nikairudia kila Agosti.

Siku za semina mtoto nilikuwa namwacha kwa mama yangu, Burat. Mwaka jana mama alikuwa amepelekwa kutibiwa macho, nikaja na mtoto, nikamweka na watoto wengine kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Ana miaka saba. Aliposikia sauti yangu kwenye spika alitoka, akaja akasimama mlangoni. Mimi sikumwona. Nilikuwa nimefumba macho, natetemesha sauti.

Jumatatu alijikojolea kitandani. Jumanne tena. Nikamchapa, Mungu anisamehe, nikimuuliza kama msichana mkubwa hivyo hajui choo kiko wapi. Choo chetu ni cha shimo, cha wapangaji wa ploti nzima, mwisho wa ua. Akiwa na mimi hakutaka kwenda hata nikimshika mkono. Alikumbatia nguzo ya mlango mpaka nikashindwa kumbandua. Lakini akiitwa na jirani yangu, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia, alienda vizuri tu.

Huyo jirani ndiye aliyekuja akaketi kwangu. Salamu zake kwa kawaida huchukua dakika tano. Siku hiyo hakusalimu.

"Mtoto anasema ulitaka kumtupa kwa choo," alisema. "Ati uliambia kanisa yote. Ni kweli?"

Nikamweleza, yote. Akajifunga mtandio vizuri.

"Sasa hiyo urongo ilikuwa inasaidia nani?"



Nilienda kwa mchungaji wa vijana nikamwomba dakika chache Jumapili nirekebishe. Alisema watoto husahau. Alisema wasichana wakijua nilidanganya, wataitilia shaka hata ile sehemu ya kweli. "Dada, usibomoe kazi ya Mungu kwa sababu ya hisia." Nikamwambia aje kwangu afue yale matandiko, ndipo anifundishe habari za hisia.

Jumapili, wakati wa ushuhuda wa washirika, niliinua mkono nikaenda mbele na mtoto wangu. Nilisema sikusimama na huyu mtoto kwenye choo chochote, kwamba nilidanganya mara tano hapa hapa, na kuna mtu alinisifu nikidanganya. Hapo maikrofoni ikazimwa na kwaya ikaambiwa iimbe.

Nimetengwa tena. Kwa sababu ya uongo, wazee wanasema, na kwa hilo sibishani nao. Naketi benchi la nyuma, naomba. Mungu ninayemwomba siku hizi simpambii maneno, na nadhani ananisikia vizuri kuliko zamani. Mchungaji bado anaendesha semina. Hilo ndilo linalonichemsha damu.

Lakini si hilo linalonikosesha raha. Jumapili hiyo hiyo, baada ya kula, nilikuwa namsuka mtoto, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Akauliza bila kugeuka:

"Mama, na hii umesema leo, ni ya ukweli ama pia ni ushuhuda?"

Nikamwambia ni ya ukweli. Nikaapa. Akaanza kunihesabia mistari ya nywele iliyobaki. Tulipomaliza alisimama, akapangusa magoti, akatoka kwenda kugonga kwa jirani, aombe apelekwe choo.