Msokoto wa Baba

Juzi stendi ya Handeni mzee mmoja kawasha tumbaku ya kusokota kwenye gazeti, nikamfokea mpaka watu wakanishangaa. Harufu ile siiwezi.

Nilikuwa mtoto bado, na ilikuwa siku ya tano baba hajavuta, maana daktari kule Korogwe alimwambia akiendelea atakufa. Kutwa alitafuna muhogo mkavu. Kwenye shamba la ujamaa mikono ilimtetemeka hadi jembe likamponyoka mbele za watu.

Jirani yetu akacheka, "Bwana, hilo jembe unalimia au unachezea ngoma?"

Nilimtupia bonge la udongo, likampata mgongoni. Baba akanizaba kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo. Halafu akakaa kwenye tuta, akajiinamia, akalia.

Baba yangu alie, mimi nitazame? Nilikimbia nyumbani, nikachota tumbaku kwenye kibuyu cha bibi, nikasokota kwenye gazeti kama nilivyozoea kumwona yeye akisokota, nikarudi na kijinga cha moto.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba. Vuta tu, usilie."

Aliutazama ule msokoto muda mrefu. Nikamshika mkono usitetemeke, nikamwashia mwenyewe. Akavuta, akafumba macho, mikono ikatulia.

"Asante, mama," akaniambia.

Nilirudi nyumbani narukaruka, na kila niliyekutana naye njiani nilimwambia kwamba baba yangu amepona.