Kumi na Nne za Fundi Séverin

Fundi Séverin wa mtaa wa Berea hakuwahi kumrudishia mtu kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe. Akimaliza kutengeneza simu, anajipigia, anasema "Allo, ni miye," ndipo anaifunga kwenye karatasi na kuandika jina la mwenye mali. Watu walimcheka, lakini kazi walimpa yeye.

Julai 2015 akaja Doris, Mtanzania muuza vitenge wa mtaa wa chini, na kidude kidogo kisichowaka.

"Cha Gilbert hiki," alisema.

Gilbert, mwanawe wa pekee, alikuwa kibarua kwenye milima ya Lesotho, kule watu wanakoteleza kwa skii juu ya theluji, na yeye akajifunza. Kidude hufungwa kwenye kiatu. Kinapima mguu umelala kiasi gani kwenye kona, uzito umeegemea wapi, kona za kushoto na za kulia zinalingana au la, kisha kinatoa maksi juu ya mia. Wiki mbili nyuma, taksi iliyokuwa ikimrudisha Gilbert nyumbani ilipinduka, naye akafa. Simu yake haikuonekana. Kidude kilikuwa bado kwenye kiatu.

"Alinipigia kabla hajapanda taksi. Mama, leo nimepata tisini na moja! Nikamwambia acha uongo wako, theluji umeijulia wapi wewe? Akakata simu. Fundi, nataka nione tu kama alisema kweli."

Séverin akabadilisha betri. Taa ya kijani ikawaka. Na hapo, jamani, mazoea! Akakifunga kwenye kiatu chake, akashuka ngazi za jengo mbiombio, akarudi juu akihema na kukiunganisha na simu. Kulikuwa na mteremko mmoja tu, wa leo. Maksi kumi na nne. Kidude kile hutunza mteremko wa mwisho peke yake. Ukiingia mpya, wa zamani umekwenda.

"Eish, Mungu wangu, nimefanya nini?"

Alihangaika nacho siku mbili, hakupata kitu. Akawaza aseme tu tisini na moja, nani atambishia? Lakini Jumamosi Doris aliingia akaona maksi kwenye simu iliyokuwa mezani kabla fundi hajafungua mdomo.

"Kumi na nne? Kumbe kweli alinidanganya."

Séverin angeweza kuvumilia lolote, si hilo.

"Hapana, Mama Gilbert! Hiyo ni yangu miye. Nilishuka nacho ngazi, kukijaribu. Ya mtoto nimeifuta, na sikuiona. Unisamehe, mama."

Doris akakaa kwenye benchi.

"Kwa hiyo hakuna wa kuniambia."

"Hakuna, mama."

"Basi chukua karatasi yako, uandike."

"Niandike nini?"

"Gilbert. Tisini na moja."

Akaandika, akamfungia kidude humo. Doris akaisoma ile karatasi mara mbili, machozi yakimtoka.

"Ningemwambia hongera tu, fundi," alisema. "Neno lenyewe fupi hivyo."