Nilisema tawasifu, akasikia wasifu

Nimewaficha jambo tangu Pasaka, na leo nusura litoboke kwa sababu ya silabi moja.

Jirani yangu hapa Kayole, Mama Atieno, alikuja nimpendekezee vitabu vya kusoma likizoni. Swali tamu kwa mgonjwa wa vitabu kama mimi!

Nikamtajia riwaya ya ndugu wawili wanaogombania mahali pa kumzika mama yao. Kitabu cha falsafa kuhusu urafiki. Sala za mtawa mmoja aliyemkasirikia Mungu.

"Lakini moyo wangu," nikamwambia, "uko kwenye tawasifu."

Akanishika mkono.

"Mzee, usijali. Wasifu tutauandika vizuri. Kwenye picha utavaa suti ama joho la kwaya?"

Jamani! Wasifu ule unaosomwa mazishini, kando ya jeneza!

"Ta-wa-si-fu!" nikafoka. "Mtu anayejiandikia maisha yake, akiwa hai!"

Hakunisikia. Alishatoka mlangoni kumpigia simu binti yangu, Mumbua, ambaye alifunga kibanda chake sokoni Gikomba akafika akilia.

"Baba, kuna kitu hutuambii?"

Nikamfokea naye. Nikasema hii ni shida ya Kiswahili, si ya afya. Akacheka, akafuta machozi, akarudi kazini.

Nyinyi mngemjibu nini? Semeni, maana tangu aondoke nimefungua vitabu vyote hivyo na sisomi hata mstari.

Mumbua, najua utapita hapa kwenye ukurasa wangu. Ana kwa ana nimeshindwa kukuambia. Daktari alisema uvimbe umefika kwenye ini, na hakuna matibabu tena.