Siku Niliyofundisha Kunyonyesha Kajiado

Jamani, wacha nijicheke mimi mwenyewe kwanza kabla nyinyi hamjanicheka, kwa sababu hii aibu ilinipata mchana peupe, mbele ya akina mama wa Kajiado, na mimi mwanaume mzima na ndevu zangu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, nimebakisha mtihani mmoja tu wa kufundisha afya kijijini, na nikianguka huo, wenzangu watahitimu nikiwaangalia kwa simu nikiwa kwetu Kitengela. Somo lilikuwa kunyonyesha. Mwalimu wetu, Madam Atieno, alikuwa hataki kabisa kuona lengo la somo lisilopimika, ukiandika "akina mama wataelewa" anakuuliza, "Kuelewa utakupima na nini, rula?" Basi nami kwa ujuaji wangu nikafuta "wataelewa", nikaandika kwamba kila mama ataonyesha jinsi ya kumshika mtoto anaponyonya, baada ya kuonyeshwa. (Kuonyeshwa na nani? Na mimi! Hilo halikunijia akilini mpaka niliposimama mbele ya watu, Madam mwenyewe akiwa nyuma na karatasi ya alama.)

Nikavua sweta, nikaikunja, nikaipakata kifuani. Nyanya mmoja aliyeketi mbele, ambaye wote walikuwa wanamwita Kokoo, akakataa katakata.

"Daktari, hiyo sweta hainyonyi. Shika huyu."

Akanipa mjukuu wake. Sasa huyo mtoto alikuwa na njaa, akaanza kutafuta maziwa kwa shati yangu, akapata kifungo, akakivuta, akaona amedanganywa, akapiga nduru, mimi namgeuza kulia namgeuza kushoto kama mtu anayetafuta netiwaki, na katikati ya hayo yote akanikojolea mpaka kwa viatu. Akina mama walicheka mpaka mmoja akalala chini, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Tumbo yake kwa tumbo yako!" Kokoo akanipigia kelele. "Shikilia kichwa! Woi, hebu leta mtoto!"

Akaninyang'anya, akampa mama ya mtoto, mtoto akawekwa vizuri, kilio kikaisha. Hapo wengine wakaanza kuonyeshana na kurekebishana ("Wewe, usishike kama Daktari!"), huku Madam akipita akimwangalia mmoja mmoja bila kucheka, ingawa mabega yalikuwa yanatetemeka.

Mwishowe nikamwendea na harufu yangu, nikamuuliza kama nijiandae kurudia mwaka.

"Lengo lako linasema nani ataonyesha?"

"Kila mama."

"Kuna mwenye ameshindwa?"

"Hakuna, Madam."

"Basi umepita. Mwenye ameshindwa ni wewe peke yako, na wewe hukuwa kwa lengo."

Nilifurahi nikataka kumkumbatia Kokoo na hiyo shati mbichi, akanikimbia.

Siku hizi niko kazini Kitengela, na nimeapa siandiki lengo kabla sijajifungia chumbani nikalijaribu mwenyewe. Wiki ijayo somo ni matumizi ya kondomu, kwenye ukumbi wa kanisa, na mama mkwe wangu amesema atakuja. Nimeandika "wataeleza". Hapo hakuna mambo ya kuonyesha.