Fundi Anayegeuza Skrini Ukutani

Fundi wetu wa kompyuta hagusi kitu mpaka ageuze skrini iangalie ukuta. Kila mwezi tunamwita hapa ofisi ya chama cha wakulima, Majengo, kwa ugonjwa uleule: ukibonyeza kitufe cha makro, ile programu ndogo aliyotutengenezea ya kujumlisha orodha, jedwali la muhtasari linatoka safi, ila watu wa kijiji cha Kabungu wamepungua. Kabungu huleta majina baada ya misa ya Jumapili, kwa hiyo hukaa mwisho wa orodha, na asiyeonekana kwenye jedwali hapati mbolea. Fundi hutikisa kichwa, hujikuna kidevu kwa ukucha mrefu wa kidole kidogo, huomba chai, kisha chapati. "Virusi, dada Joséline. Nyie mnachomeka flashi ovyo." Sauti ya pole, kama ya mtu wa msibani.

Ijumaa hii nilipita nyuma yake kuchukua faili kabatini, nikatupa jicho. Kumbe makro imeambiwa isome mpaka mstari wa mia nne na kumi, basi. Akafuta kumi, akaandika ishirini, akashusha pumzi kama aliyepakua lori.

"Si uandike elfu moja tu?" nikamwuliza.

Ukucha ukasimama kidevuni. "Elfu moja itaichosha mashine, dada."

Nikaitazama orodha. Imeshafika mstari wa mia nne kumi na tisa, na misa ni keshokutwa. Akiwa mlangoni, akauliza kama mwezi ujao chapati zinaweza kuwa za moto.